Kushona Picha ya Mshtarii

Kamera iliyopiga picha mashuhuri zaidi za sayari ya Mshtarii katika miaka ya karibuni haikutengenezwa kwanza kwa ajili ya wanasayansi. Inaitwa JunoCam, na imefungwa kwenye chombo Juno cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichorushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 5 Agosti 2011 na kuanza kuizunguka Mshtarii Julai 2016. Vifaa vingine vya chombo hicho vilipewa kazi ya kupima mvutano, usumaku na kina cha angahewa ya sayari hiyo. Kamera iliongezwa ili umma ushiriki safari. Picha ghafi hutolewa bure kwa kila mtu, na anayetaka huzichukua na kuzichakata. Mradi haukuunda kikosi kikubwa cha wataalamu wa picha kama ilivyozoeleka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliachiwa watu wa ridhaa.

Miongoni mwao wamo mwanahisabati Gerald Eichstädt wa Ujerumani, Björn Jónsson wa Iceland, Seán Doran wa Uingereza ambaye ni msanii wa michoro, na Kevin Gill, mwandishi wa programu wa Marekani. Majina yao huandikwa chini ya picha pamoja na jina la NASA, na ni haki yao, kwa kuwa picha ya Mshtarii haiji duniani ikiwa picha.

Sababu ni mwendo wa chombo chenyewe. Ili kitulie angani, Juno huzunguka kama pia, mara mbili kila dakika. Kamera imefungwa ubavuni na haiwezi kugeuka peke yake, kwa hiyo sayari hupita mbele ya lenzi kama nyumba zinavyopita mbele ya dirisha la basi. Juu ya kihisi cha mwanga yamebandikwa matabaka membamba ya vichujio: bluu, kijani, nyekundu, na cha nne kinachopitisha mwanga unaonyonywa na gesi ya metani. Kila baada ya theluthi moja ya sekunde hivi kamera hupiga, na kila pigo la picha ya rangi huacha vipande vitatu, kimoja kwa kila rangi, chenye upana wa pikseli 1,648 na kimo cha pikseli 128 tu.

Anayefungua faili ghafi kwa mara ya kwanza haoni sayari. Huona utepe mrefu wa kijivu: mapigo 30 yana vipande 90, na vikipangwa kimoja chini ya kingine utepe hufika mistari 11,520. Wingu lililojikunja kama ndoana hutokea ukingoni mwa kipande cha bluu likiwa limekatwa nusu, hutokea tena katika kipande cha kijani cha pigo linalofuata, kisha katika chekundu, kila mara likiwa limesogea kidogo. Ni kama ukili uliosukwa ukaviringishwa pembeni, na mkeka bado haujashonwa.

Wanaoanza hujaribu kuunga vipande kwa macho, ukingo kwa ukingo, katika programu ya kawaida ya picha. Matokeo hupendeza katikati na kuharibika pembeni. Juno inapokuwa karibu kabisa na sayari, kilomita elfu nne hadi tano juu ya mawingu, hukimbia zaidi ya kilomita 200,000 kwa saa. Katika theluthi ile moja ya sekunde chombo kimeshasogea karibu kilomita 20. Kwa hiyo bluu, kijani na nyekundu za wingu moja zimepigwa kutoka sehemu tatu tofauti, na zikipachikwa juu kwa juu bila hesabu, kingo za wingu huota mistari ya rangi ambayo haipo Mshtarii.

Ufumbuzi ni kuacha kuunga kwa macho na kuanza kuhesabu. NASA hutoa pia faili za usafiri zinazoeleza chombo kilikuwa wapi na kimeelekea upande gani kwa kila wakati. Programu ya mchakataji huchukua pikseli moja, huchora mstari kutoka lenzi kuelekea sayari, na kutafuta mahali mstari huo unapogusa mawingu. Hapo pikseli hupewa latitudo na longitudo yake, na kazi hiyo hurudiwa mamilioni ya mara. Umbo la sayari nalo lina neno lake. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa kumi, hivyo imetanuka kwenye ikweta na kubonyea nchani: kipenyo chake ni karibu kilomita 143,000 kwenye ikweta lakini si zaidi ya 134,000 kutoka ncha hadi ncha. Anayeihesabu kama mpira kamili hukosea kwa maelfu ya kilomita.

Hata hivyo kosa linalofundisha zaidi ni la saa. Wakati ulioandikwa kwenye faili na wakati kamera ilipoanza kupiga hasa hutofautiana kwa takriban sekunde 0.06. Mtu hawezi kuuhisi muda huo, lakini chombo kinachozunguka nyuzi 12 kila sekunde huwa kimeshageuka kiasi cha pikseli 20 hivi, na ukingo wa sayari hukaa pasipo pake. Wachakataji makini hawaiamini namba hiyo kwa upofu. Hutazama mstari ambapo sayari inakutana na giza la anga, husogeza wakati kidogo kidogo, na kusimama pale mstari wa hesabu unapolala sawasawa juu ya ule wa picha.

Yapo masahihisho mengine yanayochukua muda mfupi zaidi: kunyoosha mkunjo wa lenzi yenye upeo mpana wa nyuzi 58, kurudisha viwango vya mwanga vilivyobanwa ili visichukue nafasi kubwa vinaposafirishwa kuja duniani, na kuziba pikseli zilizochomwa na mnururisho.

Kisha huja mwanga. Mshtarii iko mbali na Jua zaidi ya mara tano kuliko Dunia, na mwanga unaoifikia ni karibu sehemu moja kati ya 27 ya ule unaotufikia sisi. Katika picha moja upande mmoja unang’aa na mwingine umezama katika machweo. Mchakataji hukadiria Jua linapiga kila mahali kwa pembe gani na kugawa, hata mawingu ya machweo yaonekane sawa na ya adhuhuri. Hapo inafaa kujizuia, maana ukingoni mwa usiku mwanga ni haba mno na kugawa huko hukuza mchanga-mchanga wa kihisi hadi ukadhaniwa kuwa mawingu.

Rangi ndiyo inayozua maswali mengi. Kwa jicho la mtu Mshtarii ni sayari ya rangi za upole: maziwa, kahawia hafifu, rangi ya udongo, na kijivu kinachoelekea bluu. Picha za mawimbi ya bluu kali na chungwa linalowaka zimeongezwa nguvu ya rangi makusudi. Si udanganyifu. Tofauti ya rangi kati ya wingu na wingu ipo kweli katika vipimo, na kuikuza huonyesha mipaka ya mikondo ambayo jicho lingeipita. Kinachodaiwa ni maelezo chini ya picha yaseme wazi lililofanyika. Ndivyo ilivyo kwa picha moja mashuhuri ya ncha ya kusini, ambayo inaonyesha eneo lote likiwa mchana. Imeungwa kutoka mizunguko mitatu tofauti ya chombo, na hakuna wakati ambapo ncha nzima ilionekana hivyo. Kwa kuwa maelezo yake yanasema hivyo, picha ni ya kweli na ina manufaa. Jambo la kuogopwa zaidi ni programu za kunoa picha zinazobuni kile kisichoonekana, kwa sababu nyuzi za mawingu zinazozaliwa huko hazikupimwa na kamera yoyote.

Kazi hii haiishii kwenye mapambo. Tarehe 31 Mei 2020 Clyde Foster, mtazamaji wa anga wa ridhaa huko Afrika Kusini, alielekeza darubini yake Mshtarii akitumia kichujio cha metani, akaona doa jeupe ambalo halikuwamo katika picha zilizopigwa Australia saa chache kabla. Metani hunyonya mwanga huo kabla haujafika kwenye mawingu ya chini, hivyo kinachong’aa lazima kiwe juu sana: wingu lilikuwa limefumuka kutoka chini na kupenya tabaka la juu. Siku mbili baadaye Juno ikapita hapo. Gill aliunganisha picha tano za mpito huo, na doa likaonekana kwa karibu, likiwa na mikunjo ambayo darubini ya nyumbani isingeweza kuitenganisha. Leo linajulikana kama Doa la Clyde. Wa ridhaa mmoja aliliona kutoka Afrika, wa ridhaa mwingine akalichakata Marekani.

Gill huyohuyo, mwaka 2022, alichakata picha iliyopigwa tarehe 30 Desemba 2020 chombo kikiwa kilomita 32,000 juu ya mawingu. Ndani ya kimbunga kimoja karibu na ncha ya kaskazini kulikuwa na nukta ya kijani inayong’aa. Ilikuwa radi ya Mshtarii, imenaswa katika sehemu ndogo ya sekunde.

Kamera yenyewe ilitarajiwa kudumu mizunguko minane hivi, kwa kuwa mikanda ya mnururisho ya Mshtarii huua vifaa vya elektroniki. Ilipita mbali zaidi. Kufikia mzunguko wa 56 picha zilikuwa zimejaa mistari na chembechembe. Wahandisi wakaipasha moto kamera kwa hita yake ili mpangilio wa silikoni uliovurugwa ujirekebishe, huku Juno ikikaribia kupita kilomita 1,500 tu kutoka mwezi Io tarehe 30 Desemba 2023. Tiba hiyo ilifaulu siku chache kabla ya mpito. Picha za Io zilipofika, vipande vyake vilikuwa vilevile, kimo cha pikseli 128, bluu kwa kijani kwa nyekundu, na wachakataji walivishona kwa hesabu ileile ya Mshtarii hadi milima na volkano za ncha ya kaskazini zikajitokeza na vivuli vyake virefu.