Dau la ajabu kwenye poka ya senti: usomapo wenzako, hesabu na ada ya meza



Kwenye maskani zetu hapa Mombasa, mpira si kitu pekee kinachowekewa pesa kwa simu. Wako vijana wanaocheza poka ya mtandaoni, zile meza za senti, na swali wanaloniletea ni moja kwa sura nyingi: "Ami, huyu mbona ameweka dau la namna hii? Ana karata gani?"

Mimi sichezi, na sababu yangu haijifichi. Kamari imekatazwa katika Surat al-Maida, aya ya 90, na ujuzi wa mchezaji haubadilishi hukumu. Lakini kijana anayeamini kwamba amejifunza kusoma watu, na kwamba elimu hiyo itamlipia kodi ya chumba, hajibiwi kwa kukemewa tu. Analo dai, na dai la pesa hujibiwa kwa hesabu. Hesabu za biashara ndizo nilizosomea chuoni, basi nimeketi nao nikatazama.

Tuanze na mchezo wenyewe, ule wa Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano huwekwa wazi: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Zamu za kuweka dau ni nne. Waweza kupita ikiwa hapana dau mbele yako, kufuata dau la mwenzako, kuliongeza, au kutupa karata zako. Meza za chini kabisa huanza kwa dau la lazima la senti moja na senti mbili za dola, na mtu huingia na dola mbili, kama shilingi 260 hivi.

Ajabu ya kwanza ni dau dogo kupita kiasi. Mezani pana senti 40, mtu anaweka senti 2. Kijana anashtuka, anadhani ni mtego. Aghalabu hapana mtego wowote. Yule ana karata za wastani, hataki kuzitupa, na anachelea akipita mwenzake ataweka dau zito. Basi anajinunulia karata ijayo kwa bei anayoiweza. Na wewe tazama bei yako: unalipa senti 2 kutafuta senti 42. Ukishinda mara moja tu katika kila mara 22, pesa yako imerudi. Dau la namna hiyo halimfukuzi mtu mezani.

Ya pili ni kinyume chake. Mezani pana senti 40, mtu anatia dola nzima. Aliyezoea filamu husema, "Ananitisha huyo." Hapo ndipo wengi hupoteza. Kumtisha mtu kuna sharti lake: yule unayemtisha awe anaweza kuogopa. Kwenye meza za senti watu hufuata dau kwa udadisi tu, waone mwisho wake, kwa hivyo vitisho havina soko. Dau zito hapo mara nyingi ni kweli tupu. Na ikiwa mwenyewe alikuwa akifuata kimya kimya usiku kucha, kisha ghafla akaongeza, mwamini. Mtu mpole akipaza sauti, ana jambo. Ili kufuata dola hiyo bila hasara, lazima ushinde zaidi ya mara 4 katika kila 10, na dhidi ya mtu kama huyo ni shida kuzipata.

Ya tatu ina kichekesho. Mtu mmoja ameongoza kwa kuongeza dau, mwingine akamfuata tu. Karata tatu zikifunuliwa, yule mfuasi hangoji, anamtangulia kiongozi kwa dau lake. Wachezaji wa Kizungu huliita dau hilo kwa jina la punda, wakimaanisha ujinga. Waswahili wa Lamu wangewaambia kwamba punda hasimami njiani bila sababu. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya Facebook walitangaza programu iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Programu hiyo iliweka "dau la punda" mara nyingi kuliko mabingwa wenyewe.

Funzo lake ni kwamba kitendo kimoja huweza kuwa na sababu mbili. Mashine huliweka dau lile kwa hesabu. Kijana mwenye dola mbili huliweka kwa sababu amepata jozi ya wastani na ana hamu ya kujua yuko wapi. Ukiona dau peke yake, hujaona sababu.

Hata muda wa kufikiri huhadaa. Mtu akichelewa, tunasema anatafakari. Huenda bando limekwisha, au anacheza meza nne kwa pamoja. Akiwa mwepesi, huenda amebonyeza tu kitufe cha nusu ya pesa zilizo mezani, ambacho programu imemwekea tayari.

Basi je, kusoma watu ni uongo? Si uongo, ila kunataka ushahidi mwingi: karata alizoonyesha mwisho wa mchezo, mara kwa mara, kwa mtu yule yule. Programu nyingine ya chuo hicho hicho, Libratus, ilipambana mwaka 2017 na mabingwa wanne kule Pittsburgh kwa migao 120,000, ili bahati isije ikahesabiwa kuwa ujuzi. Kijana wetu anahukumu kwa migao 30 dhidi ya mtu ambaye huenda asikutane naye tena.

Na hata akisoma sawasawa, pana mtu wa saba kwenye meza ya watu sita. Mwenye meza hukata ada, mara nyingi kama asilimia 5 ya pesa zilizoshindaniwa. Tuchukue mfano wa senti 20 kwa kila mgao: ada ni senti moja. Migao 200 ya namna hiyo ikipita, dola mbili zimeondoka, yaani mtaji mzima wa mchezaji mmoja, na hapana hata mmoja kati ya wale sita aliyezishinda. Migao 60 kwa saa ni mwendo wa kawaida mtandaoni, kwa hivyo hiyo ni kazi ya saa tatu na dakika ishirini. Kabla hujachuma kwa ujinga wa wenzako, lazima kwanza ulipe fungu lako la ada hiyo, kila usiku.

Kijana anayesema anafaidika, namwomba jambo moja. Achukue daftari, apige mistari mitatu: pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, saa alizokaa. Aandike mwezi mzima bila kuruka siku mbaya. Kisha agawanye faida kwa saa, akipata faida ya kugawanya, na ailinganishe na ujira wa kibarua wa siku moja. Dau la mwenzake laweza kubaki fumbo. Daftari lake mwenyewe litasomeka.