Je, Wajua? Mng'ao wa Ekzosi Haupakwi, Hufichuliwa

Ekzosi ya stenlesi ikififia, wengi hukimbilia kopo la rangi ya fedha. Rangi hiyo haikai: joto huibabua. Kabla hujanunua kopo, pitia haya.

Je, wajua kinachoifanya stenlesi isishike kutu? Ni kromiamu iliyomo ndani yake, angalau asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na oksijeni ya hewani hufanya utando usioonekana kwa macho, wenye unene wa nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kinga yote ya bomba la moshi imo katika utando huo.

Je, wajua kwamba utando huo hujiponya? Ukwaruze, nao hujijenga upya, mradi chuma kiwe kisafi na kipate hewa. Ndiyo maana kusugua stenlesi hakuiui. Kinachoiumiza ni uchafu unaoziba hewa, na chumvi.

Je, wajua kwamba chuma hiki kilitokana na shida ya bunduki? Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu isiyolika upesi. Aliyeyusha chuma chenye kromiamu ya karibu asilimia 13, akakuta asidi hazikili kwa urahisi. Mawazo yake yakahamia kwenye visu vya mezani. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilikuwa imeomba hataza ya chuma chenye kromiamu na nikeli pamoja.

Je, wajua kwamba sumaku inaweza kukuambia una stenlesi gani? Aina ya 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, kwa kawaida hainasi sumaku. Aina ya 409, yenye kromiamu ya karibu asilimia 11, hunasa. Hii ya pili ni nafuu, na viwanda vingi vya magari huitumia kwa mabomba yaliyofichika chini ya gari. Huota ukahawia juu juu, lakini haitoboki haraka. Hata hivyo chuma cha kawaida nacho hunasa, kwa hiyo sumaku peke yake haimalizi kesi.

Je, wajua kwamba si kila bomba linalong'aa ni stenlesi? Pikipiki nyingi zina ekzosi za chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na tabaka hilo mara nyingi halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukilipiga msasa, umelimaliza. Dalili ni hii: stenlesi haibabuki. Ukiona magamba yanang'oka na kutu inachungulia chini yake, hiyo ni kromu.

Je, wajua kwamba rangi ya bomba ni kipimajoto? Stenlesi ya 304 ikipata joto la nyuzi 290 hivi za Selsiasi huwa njano hafifu. Karibu na nyuzi 390 huwa kahawia, kwenye 450 zambarau iliyokolea, na kwenye 600 bluu nzito. Hakuna rangi iliyoongezwa hapo. Joto limeunenepesha ule utando, na mwanga unaorudi kutoka juu yake unakutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Mafuta yanayoelea juu ya dimbwi la maji hutoa rangi zake kwa njia hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba bluu hiyo itarudi? Shingo ya ekzosi, pale inapotoka kwenye injini, hupata joto kali kila siku. Ing'arishe leo, ikipata moto wa safari ndefu itabadilika tena. Nguvu zako zitalipa zaidi kwenye ncha ya nyuma, ambako joto ni dogo na tatizo kubwa ni masizi.

Je, wajua kwamba alama ya kidole inaweza kupikwa ikabaki? Mafuta ya ngozi yakiachwa juu ya bomba jipya, injini ikawashwa, huungua na kuacha doa. Mafundi makini hulifuta bomba kwa spiriti kabla ya kuliwasha mara ya kwanza, na hawalishiki tena kwa mkono mtupu.

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji? Hidrojeni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewa. Injini ikiwa baridi, mvuke huo hugeuka maji na kudondoka nyuma ya gari. Safari fupi fupi haziukaushi, maji hubaki ndani, na ndiyo maana ekzosi nyingi huoza kuanzia ndani huku nje zikiwa safi.

Je, wajua kwamba Jik ni adui wa stenlesi? Dawa hiyo ya kung'arishia nguo nyeupe ina klorini, nayo hutoboa vishimo vidogo kwenye ule utando. Asidi ya kusafishia vyoo, ile yenye haidrokloriki, ni mbaya zaidi. Upepo wa bahari nao hubeba chumvi yenye klorini, kwa hiyo gari la Mombasa, Unguja au Muscat lahitaji kuoshwa kwa maji baridi mara nyingi kuliko la Dodoma.

Je, wajua kwamba stilwaya ya kusugulia masufuria huweza kuleta kutu? Ile ya chuma cha kawaida huacha chembe ndogo juu ya stenlesi. Chembe hizo hushika kutu, nawe ukadhani bomba ndilo linaloota. Brashi ya waya wa kawaida hufanya vivyo hivyo. Tumia sponji ngumu ya nailoni, au brashi ya waya wa stenlesi.

Je, wajua kwamba karatasi ya alumini ya jikoni ni kifaa cha gereji? Alumini ni laini kuliko kromu na stenlesi. Ikunje, iloweshe, sugua: huondoa kutu ya juu juu bila kuchimba mikwaruzo mirefu. Wapo wanaoilowesha kwa soda ya kola, kwa kuwa ndani yake mna asidi ya fosforiki kidogo. Suuza vizuri, sukari ikiachwa itakamata vumbi lote la barabara.

Je, wajua kwamba asidi iliyomo kwenye limao hutumika viwandani kwa stenlesi? Asidi ya sitriki huondoa chembe za chuma juu ya bomba na kuuacha utando ujengeke vizuri. Viwanda hutumia mchanganyiko uliopimwa. Nyumbani, maji ya limao au siki husaidia kwa madoa ya maji magumu, lakini bluu ya joto kali hayataitoa.

Je, wajua kwamba namba kubwa ya msasa ndiyo laini? Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Osha kwanza kwa maji na sabuni, kausha, kisha ondoa oili kwa spiriti. Bomba lililochakaa sana lianzie msasa wa maji namba 400, uende 800, 1500, hadi 2000, ukiulowesha muda wote. Kila ukibadili namba, badili na mwelekeo wa mkono, ili mikwaruzo ya awali ijitokeze. Usisonge mbele mpaka yote iishe, kwa sababu polishi haifuti mkwaruzo wa 400. Huung'arisha tu, ukaonekana zaidi.

Je, wajua kwamba mng'ao wa kioo si lazima? Gari la DeLorean DMC-12, lililotengenezwa Ireland ya Kaskazini kuanzia mwaka 1981, lilivaa stenlesi ya 304 bila rangi yoyote, ikiwa na mistari myembamba ya brashi. Kama bomba lako lina mistari kama hiyo, sugua kuifuata. Ukizungusha mkono, utaivuruga.

Je, wajua kwamba polishi ya kijani ni ndugu wa ule utando? Kijani cha vipande vya polishi wanavyotumia wang'arishaji wa vyuma hutokana na oksidi ya kromiamu, na oksidi ya kromiamu ndiyo inayoilinda stenlesi. Brasso, inayouzwa tangu 1905 na inayojulikana na kila askari mwenye vifungo vya shaba, pia hufaa kwa kumalizia. Paka kidogo kwa kitambaa laini, sugua mpaka kiwe cheusi, kisha futa kwa kitambaa safi.

Je, wajua kwamba mfuko wa plastiki ulioyeyuka juu ya ekzosi ya bodaboda haufai kung'olewa kwa kisu? Hutoka, ila na mkwaruzo. Washa injini kidogo plastiki ilainike, zima, kisha ikwangue kwa kipande cha mbao.

Je, wajua kwamba bomba la moto huunguza kwa kugusa mara moja? Subiri lipoe kabisa. Ukiungua, tia jeraha chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno haisaidii. Na usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Je, wajua kwamba nta ya kawaida ya gari haivumilii hapa? Huyeyuka kabla ya nyuzi 100. Maji, sabuni na kitambaa kikavu vinatosha kulitunza bomba.

Je, wajua kwamba masizi nayo husema? Vumbi jepesi jeusi ni jambo la kawaida. Masizi mazito makavu huashiria injini inayopewa mafuta kupita kiasi. Weusi wenye unyevu wa oili, pamoja na moshi wa samawati, maana yake oili inaungua. Ukiwa umeng'arisha Jumamosi na Jumatano ncha imekuwa nyeusi tena, weka polishi kabatini, umpelekee gari fundi wa injini.