Skrini Ikisema Vali Imefungwa, Imejuaje?

Alfajiri ya Machi 28, 1979, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, vali moja ya kupunguza presha ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama. Haikujifunga tena. Lakini kwenye chumba cha udhibiti taa ya vali hiyo ilikuwa imezimika, na kwa waendeshaji taa kuzimika ni sawa na vali kufungwa. Kumbe taa ile ilikuwa inasema jambo jingine kabisa: kwamba umeme unaoifungua vali umekatwa, yaani amri ya kufunga imeshatoka. Kama vali yenyewe imetii au la, taa haikujua. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza kinu yalikuwa yanatoka kupitia hapo, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Tofauti kati ya "nimeagiza" na "imefanyika" ndiyo moyo wa makala hii. Ukisoma uhandisi wa umeme, mekanika, kemia au kompyuta, kuna siku unaweza kuambiwa utengeneze programu ya kuendesha mtambo pamoja na skrini ya opereta. Na hata kama hutagusa kazi hiyo, saruji, sukari na maji ya bomba unayotumia vinapita mikononi mwa mifumo ya namna hii. Basi hebu tujenge mfumo mdogo hapa hapa, kwenye karatasi, tuone wapi unaweza kudanganya.

Kwanza, bloku ni nini?

Chukua tangi la maji la nyumbani. Ndani kuna boya. Maji yakipanda, boya linapanda na kufunga bomba; yakishuka, linafungua. Huo tayari ni udhibiti: kuna kinachopima, kinachoamua na kinachotenda, vyote kwenye kipande kimoja cha plastiki.

Kiwandani kazi hizo tatu zinatenganishwa. Kihisi kinapima, vali au pampu inatenda, na katikati anakaa mwamuzi, ambaye mara nyingi ni kompyuta ngumu ya viwandani inayoitwa PLC. Kazi yake ni mzunguko mmoja usiokwisha: soma vihisi, piga hesabu, toa amri, rudia. Inafanya hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Sasa kiwanda kinaweza kuwa na vali 200. Huwezi kuandika programu ya kila vali upya. Unaandika moja, unaifunga kama kifurushi, kisha unaitumia mara 200. Kifurushi hicho ndicho bloku. Fikiria ramani ya nyumba: ramani ni moja, nyumba ni nyingi, na kila nyumba ina watu wake. Vivyo hivyo kila vali ina kumbukumbu yake, ila akili wanayotumia ni ileile. Lugha za kuandikia bloku hizi zimewekewa kiwango cha kimataifa, IEC 61131-3, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993.

Watengenezaji wa PLC wanakuja na bloku zao tayari. Unajenga ya kwako pale ambapo za dukani hazijui jambo fulani kuhusu mtambo wako. Faida yake ni kubwa: ukirekebisha kosa moja, umerekebisha vali 200. Hasara yake pia unaiona: ukikosea, umekosea mara 200.

Bloku ya vali isiyojidanganya

Bloku mbovu ya vali ni rahisi sana. Opereta anabonyeza FUNGA, bloku inatoa amri, skrini inaandika IMEFUNGWA. Hilo ni kosa lilelile la mwaka 1979, limevaa nguo mpya tu.

Bloku nzuri inahitaji mrejesho. Kwenye vali tunaweka swichi mbili ndogo: moja inagongwa vali ikifika mwisho wa kufunguka, nyingine ikifika mwisho wa kufungwa. Kisha tunaipa bloku saa, kwa sababu vali haifungi papo hapo. Tuseme ya kwetu inahitaji sekunde 6, tunaipa 10. Upande wa kufunga unakuwa hivi, nikiandika kwa Kiswahili ili ufuatilie:

KAMA amri ni FUNGA na swichi ya kufungwa imegongwa, BASI hali ni IMEFUNGWA
KAMA amri ni FUNGA, swichi haijagongwa, na sekunde 10 hazijaisha, BASI hali ni INAFUNGA
KAMA amri ni FUNGA, swichi haijagongwa, na sekunde 10 zimeisha, BASI hali ni IMEKWAMA
KAMA swichi zote mbili zimegongwa kwa pamoja, BASI hali ni HAIJULIKANI

Uangalie vizuri mstari wa mwisho. Vali haiwezi kuwa wazi kabisa na kufungwa kabisa kwa wakati mmoja. Swichi zikisema hivyo, mojawapo ni mbovu au waya umegusana. PLC inasoma kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mstari huo unafuta chochote kilichoandikwa juu yake. Bloku inakiri kwamba haijui. Hali hiyo ya nne ndiyo wanafunzi wengi huisahau, kwa kuwa kwenye maabara vali huwa nzima.

Namba nayo iwe na shaka

Vali ni ya ndiyo au hapana. Kina cha maji je? Hicho ni namba, na viwandani namba nyingi husafiri kwenye waya kama mkondo wa umeme kati ya mA 4 na mA 20. Tangi tupu ni 4, tangi lililojaa ni 20, nusu ni 12.

Kwa nini isianze 0? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo unakuwa 0. Kama 0 ingemaanisha "tangi tupu", waya uliokatika na tangi tupu vingefanana. PLC ingefungua maji kwa nguvu zote, na tangi lingefurika huku skrini ikisisitiza kwamba ni tupu. Kwa kuanzia 4, ukimya wa waya unapata maana yake yenyewe. Watengenezaji wengi hufuata pendekezo la NAMUR NE 43: mkondo ukishuka hadi mA 3.6 au chini, au ukifika 21 na zaidi, hicho si kipimo tena, ni ishara ya ubovu.

Kwa hiyo bloku yako ya kipimo itoe vitu viwili, namba na ubora wa namba. Ubora ukiwa mbaya, skrini isionyeshe namba hiyo kama kawaida, na bloku nyingine zisiitumie kuamua.

Kihisi kizima kinachosema uongo

Mpaka hapa tumekamata waya uliokatika. Kuna uongo mgumu zaidi.

Machi 23, 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP kilichopo Texas City, Marekani, wafanyakazi walikuwa wanawasha mnara wa kutenganisha mafuta wenye urefu wa mita 52 hivi. Kwa zaidi ya saa tatu mafuta yaliingia, na karibu hakuna kilichotoka. Kipima kina kilikuwa chini kabisa ya mnara, na uwezo wake uliishia kwenye mita 2.7 za mwanzo. Mafuta yalipanda mbali juu ya hapo. Je, kipima kilisema nini? Kilionyesha kina kiko ndani ya mipaka, tena kinashuka polepole.

Fizikia yake unaijua tangu sekondari. Kipima cha aina hiyo kina kitu kilichozamishwa, na kinapima nguvu ya kimiminika inayokisukuma juu, ile kanuni ya Archimedes. Kikishazama chote, mafuta kupanda zaidi hakubadilishi chochote. Lakini mafuta yalikuwa yanapashwa moto, na yakipata moto densiti inapungua, nguvu ya kusukuma inapungua, na namba kwenye skrini inashuka. Alamu nyingine ya kina cha juu, iliyojitegemea, haikulia. Mafuta yakafurika, mvuke wake ukawaka. Watu 15 walifariki na 180 wakajeruhiwa.

Uchunguzi wa bodi ya usalama wa kemikali ya Marekani ulikuta sababu nyingi, zikiwemo vifaa vilivyojulikana kuwa vibovu na waendeshaji waliochoka kwa kufanya kazi wiki nyingi bila mapumziko. Lakini kuna moja inayotuhusu sisi wajenzi wa skrini: mafuta yanayoingia yalionyeshwa kwenye skrini moja, yanayotoka kwenye skrini nyingine, na hakuna mahali palipotoa hesabu ya tofauti yake.

Hesabu hiyo mwenye duka yeyote anaijua: kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho kinachopaswa kuwa kwenye rafu. Bloku ya mizania ni mistari michache. Tuseme tangi lako lina sakafu ya mita za mraba 2. Maji yanaingia mita za ujazo 6 kwa saa, na hayatoki. Baada ya saa moja kina lazima kiwe kimepanda mita 3. Kihisi kikisema kimepanda sentimita 20, daftari na rafu vimegombana. Bloku haijui nani mwongo, ila inajua kuna mwongo, na inamwambia opereta mapema.

Angalizo: vipima mtiririko navyo hukosea kidogo, na makosa madogo hujumlishana saa hadi saa. Kwa hiyo weka kiwango cha tofauti unachokivumilia, na uanze hesabu upya kila tangi linapofika kina ulichokihakiki. La sivyo bloku itapiga kelele bure.

Skrini inayosaidia kufikiri

Kelele za bure zina gharama. Julai 24, 1994, kwenye kiwanda cha Texaco huko Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walipata alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Gawanya: ni alamu moja kila sekunde 2.4. Hakuna binadamu wa kuzisoma hizo. Na hapo pia kulikuwa na vali iliyofungwa huku mfumo ukionyesha iko wazi.

Ukichora skrini yako, zingatia haya. Usuli uwe wa kijivu, rangi kali zibaki kwa ajili ya tatizo. Skrini inayong'aa kama mapambo ya harusi haina namna ya kukuonyesha kilichobadilika. Rangi isiwe peke yake, ongeza umbo au neno, maana baadhi ya watu, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Tena viwandani kwingi kijani ni "inafanya kazi", wakati kwenye vituo vya umeme nyekundu ndiyo "umeme upo". Namba muhimu iwe na grafu ya saa chache zilizopita, kwa sababu 2.4 inayopanda na 2.4 inayoshuka ni habari mbili tofauti. Vitu vinavyolinganishwa vikae pamoja. Na kila alamu iwe na jibu la swali hili: opereta afanye nini? Kama hakuna cha kufanya, hiyo siyo alamu.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji kiwanda. OpenPLC ni programu huria ya bure, na inakubali kuendeshwa kwenye Raspberry Pi. Tafuta ndoo, pampu ndogo na kihisi cha kina. Andika bloku zako, mfumo ukifanya kazi vizuri ndo uanze mtihani wenyewe: chomoa waya wa kihisi, shikilia vali kwa mkono isifunge, toboa ndoo. Kila mara, kabla hujaangalia ndoo, muulize rafiki aliyekaa mbele ya skrini, akiwa ameipa ndoo mgongo: kuna nini huko? Akijibu vibaya, usimlaumu. Rudi kwenye bloku.