Takwimu za Uhalifu Kitui na Makueni: Jinsi ya Kuzisoma Kabla ya Kuhamia

Mzazi wa Kisauni ambaye bintiye ameitwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, Kitui, huuliza swali moja: je, huko kuna usalama? Aliyeonyeshwa ploti Emali, Makueni, naye huuliza hilo hilo. Wengi hujibiwa kwa uvumi, ilhali takwimu zipo. Polisi hutoa ripoti ya uhalifu kila mwaka, na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) huchapisha hesabu za kesi zilizoripotiwa. Ila zahitaji kusomwa kwa makini.

Kwanza, tazama idadi ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Tuseme, kwa mfano tu, kila kaunti iwe na kesi 1,000. Kitui itakuwa na kesi 88 kwa kila watu 100,000, na Makueni 101. Kesi ni sawa, uzito si sawa.

Pili, uliza ni nani aliyedhuriwa. Barabara ya Mombasa–Nairobi hupita Makueni: Mtito Andei, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Abiria wa Mombasa akiibiwa Mtito Andei, kesi yaandikwa huko, ilhali yeye hakuhesabiwa huko katika sensa. Kaunti yaonekana mbaya kuliko wanavyoishi wenyeji wa vijiji vilivyo mbali na lami.

Tatu, kaunti si mtaa. Mizozo ya malisho na maji mpakani mwa Kitui na Tana River haikuelezi lolote kuhusu njia ya kutoka darasani Kwa Vonza hadi chumba cha kupanga. Uliza pia aina ya kosa: wizi wa mifugo na uvunjaji wa nyumba havimtishi mtu mmoja.

Nne, na hili ndilo zito, takwimu za polisi huhesabu yaliyoripotiwa tu. Kitui ni kaunti pana, wastani wa watu 37 kwa kilomita mraba, na kwa wengi kituo cha polisi ki mbali. Mengine humalizwa kwa chifu au kwa wazee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kudhuriwa kimwili tangu wafikie miaka 15. Mengi ya hayo hayafiki polisi. Kwa hivyo nambari ndogo si lazima iwe amani. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Ufanyeje basi? Linganisha miaka mitatu au minne, si mmoja. Ukitaka hesabu za eneo dogo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yakuruhusu kuziomba kwa maandishi, na afisi yapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Kisha nenda mwenyewe. Muulize mama mboga, mwenye bodaboda na wazee wa Nyumba Kumi swali mahususi: msichana akitoka maktaba saa mbili usiku hupita wapi, na pana taa?

Na ukidhulumiwa, ripoti na uchukue nambari ya OB. Lisiloandikwa halihesabiwi, na mpangaji ajaye ataambiwa mtaa ni salama.