Pesa Imeingia, Lakini Nani Mwingine Ameiona?

Chukua mfano huu. Una duka la mbegu na mbolea pale Uriri, kando ya barabara ya Rongo kwenda Migori. Kaka yako yuko Doha na hukutumia dola za kidijitali kupitia blokcheni. Jumamosi mteja anataka kukulipa kwa njia hiyohiyo, unampa anwani ya pochi yako. Analipa, pesa inaingia, mnaagana vizuri.

Jioni mteja huyo anaingia kwenye intaneti na kutafuta anwani yako. Hahitaji namba yako ya siri. Anaona salio, kila pesa uliyopokea na siku ilipoingia. Sasa ukiwaambia watu wa chama kwamba mwezi huu mambo ni magumu, nani atakuamini? Na habari ikimfikia mwizi je?

Hapa ndipo blokcheni inapotofautiana na pesa ya simu. Rekodi zako za pesa ya simu hukaa kwetu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tuzilinde. Bitcoin na Ethereum ni kama daftari lililoachwa wazi sokoni. Majina hayamo, lakini mtu akishajua anwani fulani ni yako, siri imetoka.

Dawa mojawapo ni anwani fiche. Monero imeitumia tangu ilipoanza 2014. Kwa Ethereum, pendekezo la kiwango chake, ERC-5564, lilitolewa 2022.

Inafanyaje kazi? Unatangaza anwani moja kuu, hata ukiibandika ukutani dukani. Pochi ya mtumaji inaichanganya na namba ya kubahatisha, na kupata anwani mpya ya malipo hayo tu. Pia inaacha alama kwenye daftari. Pochi yako inapitia alama hizo kwa ufunguo wa kuonea na kutambua malipo yako. Kutoa pesa kunahitaji ufunguo wa pili, wa kutumia, ulio nao wewe pekee. Wengine wanaona anwani ngeni tu.

Lakini usidanganyike, haifichi kila kitu. Kwenye Ethereum:

- Kiasi na anwani ya mtumaji bado vinaonekana.
- Aliyekulipa anajua alikulipa.
- Ukikusanya malipo yote kwenye anwani moja, umejifichua mwenyewe.
- Ukilipia ada ya muamala kutoka pochi yako inayojulikana, umeunganisha hizo mbili.

Kama pochi yako haina huduma hii, anza na hatua rahisi: tenga anwani ya biashara na ya akiba, na usiweke anwani ya akiba kwenye kikundi cha WhatsApp. Na mtu yeyote akikuomba maneno ya siri ya pochi yako, hata akisema anatoka kwetu, kata simu.

Kujua ulichonacho ni haki yako. Kumwambia nani, hilo nalo liwe chaguo lako.