Kifua Jumatatu, Mapenzi Lini?

Mpenzi msomaji, kama mwandani wako ananyanyua vyuma, Jumatatu jioni huna haja ya kumuuliza aliko: yuko jimu, kalala benchi, anafanya kifua. Jumanne mgongo, Jumatano miguu (akikumbuka!), Alhamisi mabega, Ijumaa mikono, Jumamosi tumbo. Wewe unabakiwa na Jumapili, na hiyo Jumapili mwili wote unamuuma.

Hapa Mtama, mimi na mume wangu tulikaa chini tukaipangua ratiba hiyo. Sote tunanyanyua na sote ni watu wa kazi. Mimi nashinda Lindi mjini, narudi jioni. Halafu msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa kumi hivi, Jumapili ni ya shamba. Ukishinda umeinama, unaokota na kutenganisha korosho na mabibo, kiuno na nyuma ya mapaja vimeshapata mazoezi yake. Kesho yake uvibebeshe chuma kizito? Thubutu!

Tukapata jioni tatu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kwa siku tatu, naona kuugawa mwili vipande vipande ni kujipunja. Msuli uliofanyishwa kazi hujijenga kwa kasi kwa siku moja mpaka mbili hivi, kisha kasi inashuka. Kifua cha Jumatatu kinakaa bure wiki nzima. Na msiba au mvua ikiangukia Jumatano, basi miguu imekosa zamu mpaka wiki ijayo.

"Mke wangu, sasa kifua changu kitakua lini?" aliniuliza, uso umemshuka.

Nikamhesabia. Seti 9 alizokuwa akizimaliza Jumatatu, sasa ni seti 3 mara 3. Brad Schoenfeld wa Marekani na wenzake walipochambua tafiti mwaka 2016, waliona kuufanyia msuli mazoezi mara mbili kwa wiki kunaukuza zaidi kuliko mara moja. Mwaka 2019 wakaja na jingine: jumla ya seti za wiki ikiwa sawa, idadi ya siku haileti tofauti kubwa. Basi bwana, cha kulinda ni seti. Siku pangeni ninyi.

Kila jioni tunafanya mwili mzima: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma, kuvuta, kisha tumbo. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, bomba katikati. Mmoja akipumzika dakika mbili, mwenzake ananyanyua. Saa moja tumemaliza.

Wenye siku nne wagawe juu na chini: Jumatatu na Alhamisi juu, Jumanne na Ijumaa chini. Siku sita za kusukuma, kuvuta na miguu, mara mbili mbili, nawaachia wasio na mtu wa kuwasubiri nyumbani.

Jumatano napitia sokoni Lindi, narudi na pweza. Mume wangu bado anaitaka hiyo Jumatano kwa ajili ya mikono. Nimempa seti mbili za nyongeza Jumamosi. Anafikiria.