Dawa Ileile, Pakiti Nyingine

Mzee wa presha akifika duka la dawa pale Taru, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na karatasi ya daktari iliyoandikwa Norvasc, huenda akatolewa pakiti mbili: moja ya Norvasc yenyewe, nyingine ya kampuni asiyoijua, tena ya bei nafuu sana. Huishika hiyo ya pili na kuuliza, “Mwanangu, hii si feki?”

Si feki, mradi imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Asome maandishi madogo chini ya jina kubwa. Pakiti zote mbili zimeandikwa amlodipine, na hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kampuni iliyoigundua hulindwa na hataza kwa miaka 20. Muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza bila kurudia gharama ya utafiti wa mwanzo, ila sharti vithibitishe kwamba inaingia damuni kwa kiwango na kasi inayolingana na ile ya kwanza. Rangi na umbo la tembe vyaweza kubadilika. Hiyo ndiyo jeneriki.

Hofu ya mzee huyu iliwahi kuingia hata kwenye sheria. Mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia, ikieleza “bandia” kwa upana kiasi kwamba jeneriki halali zingeweza kuzuiwa. Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi vya Ukimwi na wakitegemea ARV za jeneriki, walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika vya sheria hiyo vilitishia haki yao ya uhai, utu na afya. Hukumu hiyo ingefaa kuzungumzwa katika kila baraza la chifu.

Hata hivyo, dawa bandia zipo, na anayeziuza ndani ya basi hana leseni ya kuonyesha. Pia dawa halali huharibika ikianikwa kwenye kibanda cha mabati chini ya jua la Taru. Na hata kwa jeneriki halali, mgonjwa wa kifafa asibadilishe kampuni bila kumwambia daktari.

Kinachoniuma zaidi ni mgonjwa anayeng’ang’ania jina, pesa zikamtosha tembe kumi, kisha akaruka siku ili zimfikishe mwisho wa mwezi. Presha huweza kupanda siku hizo anazoruka, na jeneriki ya mwezi mzima ilikuwa palepale kaunta.